Sababu ya Kuondoka

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa macho amenipa daftari hili ili kila siku niandike kama nimetia dawa, asubuhi na jioni. Anasema wagonjwa wake wote hudai wametia, ila macho yao husema vingine. Nikamwambia mimi ni karani, miaka kumi na saba naandika habari za watu, za kwangu hazitanishinda. Sasa nimeandika "asubuhi, jioni" na ukurasa bado ni mweupe karibu wote. Karatasi tupu hunikera, kwa hiyo naendelea.

Nina presha ya macho. Katikati naona sawasawa, ila pembeni kumeanza kuwa na ukungu. Nisiporuka dawa nitaona mpaka nizeeke. Nikiruka, nisimlaumu mtu.

Wanaojua ni wawili tu: mume wangu na Wifi. Wifi ni mdogo wake mume wangu. Alikuja kwetu miaka mitano iliyopita na mabegi mawili na jino moja lililovunjika, baada ya kumkimbia mumewe, na tangu hapo analala chumba cha karibu na jiko. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ofisini kwetu. Siku ya kwanza nilimwita wifi mbele ya watu, na ofisi nzima ikamwita Wifi mpaka leo, hata mlinzi wa getini. Ndiye anayenitia dawa, maana mkono wangu hutetemeka nikiona tone linakuja. "Tazama juu, wifi," huniambia, "hesabu mbao za dari." Dari letu lina mbao kumi na tisa.

Kazini asijue mtu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Dawa asubuhi, dawa jioni, Wifi alitia.

Kampuni yetu huchezesha bahati nasibu, droo kila Jumamosi. Watu wanaona mipira inavyozunguka na mshindi anavyolia, hawaoni nyuma. Nyuma ni sisi. Mimi na Wifi tuko chumba cha mafaili: mawakala mia nne na kumi na wawili wanaotuuzia tiketi, kila mmoja na faili lake kabatini, picha yake, namba ya mashine yake, barua za malalamiko. Wengi nawajua kwa sauti. Wakipiga simu hawajitambulishi.

Leo ameletwa fundi wa kuhamishia yote hayo kwenye kompyuta. Kijana mpole, shati limepigwa pasi mpaka kwenye vifungo. Aliingia, akatazama kuta, akaniuliza, "Wifi ipo?"

Nikamjibu, "Yupo, ameenda chooni."

Akanitazama. "Naulizia mtandao, mama."

"Nami nimejibu nilivyoulizwa."

Wifi akaingia anajifuta mikono. Nikamwambia anatafutwa na fundi wa kompyuta. "Nipo," akasema, "ila nakatikakatika." Tulicheka mpaka meneja akatoka ofisini kwake kuuliza kuna nini. Fundi huyo tumeshampa jina, Bwana Bofya, maana kila sentensi yake inaanza na "bofya hapa."

Meneja hakucheka. Alisema tarehe mosi Juni, mvua zikiisha, makabati yatafungwa. Faili zote ziwe zimeingia kwenye mfumo. "Baada ya hapo chumba hiki kitabaki na mtu mmoja. Nani, sijui bado. Nitatazama kazi."

Tulirudi nyumbani chini ya mwavuli mmoja. Tulipofika kwenye dimbwi la njia panda Wifi akasimama. "Tusisemane, wifi."

"Nani amseme nani?"

"Akituuliza, kila mmoja amsifie mwenzake. Ashindwe kuchagua."

Tukapeana mikono pale pale, mvua inatulowesha, kama watu waliotia saini mkataba wa nchi mbili. Nimefurahi kupita kiasi. Nina wifi ambaye dada zangu wa damu hawamfikii.

Ijumaa, 8 Machi

Dawa asubuhi, dawa jioni. Mafaili kumi na mawili. Mkono umechoka kwa kipanya.

Jumanne, 12 Machi

Bwana Bofya anahitaji orodha za kila kitu. Mfumo haupendi mtu aandike anavyotaka, unataka achague. Leo alikuja na kiti chake mezani kwangu. "Mama, wakala huondoka kwa sababu gani?"

Nikamtajia bila kufungua faili. Amefariki. Amehama. Ameacha mwenyewe. Amefungiwa.

"Basi?"

"Weka na 'Nyingine.' Lakini anayechagua hiyo alazimike kueleza. Watu wanapenda sana kujificha ndani ya Nyingine."

Akafurahi, akaandika. "Na akiandika neno moja tu ili apite?"

"Mfumo umkatalie. Herufi ishirini, ndipo apite."

Tukabishana kama nafasi kati ya maneno nazo zihesabiwe. Nikakubali zihesabiwe, nisionekane katili. Nikauliza kama mtu anaweza kurudi baadaye kufuta alichoandika. "Humu hakifutwi kitu, mama. Kila badiliko lina historia yake: nani, lini, saa ngapi." Hapo ndipo nilipoanza kuupenda huo mfumo wao. Akasema orodha hiyo hiyo ataiweka na upande wa wafanyakazi, aokoe muda. Nikamwambia aiweke tu, na wao huondoka.

Nimejiona mtu muhimu leo. Wifi alinitania njia nzima kwamba nimeandika katiba.

Ijumaa, 15 Machi

Mvua. Dawa mara mbili. Sina la kuandika.

Jumatatu, 25 Machi

Mfumo una pande mbili. Upande wa Kweli, na upande wa mazoezi tunaouita Kiwanja, wenye mstari wa njano kuzunguka skrini ili mtu asichanganye. Kiwanjani kila mmoja amepewa funguo zote, hata za meneja. "Haribuni mnavyotaka," anasema Bwana Bofya. Kila Ijumaa jioni hufuta Kiwanja chote na kunakili upya yaliyo upande wa Kweli.

Mimi hujaribu kila kitu Kiwanjani kwanza, ndipo nikaingize Kweli. Wenzangu wananicheka. Tatizo ni moja: Kiwanja kikifutwa, herufi zangu kubwa nazo zinafutwa, na kila Jumatatu naamkia maandishi madogo kama sisimizi. Kuziongeza kunataka uingie kwenye ukurasa wako wa mfanyakazi, uteremke mpaka chini. Wifi huja kunifanyia mara tu tunapofika, kabla hata hajavua koti. Mtu akiuliza anasema nimezidi uvivu.

Jumamosi, 30 Machi

Siku mbaya.

Tuna mawakala wawili wa sokoni wenye jina moja hadi la babu. Mmoja kibanda chake kiko mwanzo wa soko, mwingine mwisho, nasi huwaita Wa Juu na Wa Chini. Mfumo ukikuta majina mawili yanafanana huuliza: ni mtu mmoja? Unganisha? Wifi aliingiza faili la Wa Chini jana, akaulizwa, akabofya ndiyo. Leo, zikiwa zimebaki saa tatu kabla ya droo, foleni imejaa, mashine ya Wa Chini ikazimika. Kwa mfumo, yeye hayupo tena duniani.

Alinipigia. Hakutukana, na hiyo ndiyo iliyoniuma. "Mama wa mafaili, mmenifuta," alisema. Bwana Bofya alitumia saa mbili kuwatenganisha. Wateja walishaondoka.

Meneja alikuja amekunja uso. Wifi alikuwa ameshika meza. Nikasema ni mimi. Nikasema yeye aliniuliza, mimi ndiye niliyemwambia aunganishe.

"Wewe?" meneja akashangaa. "Wewe unayewajua kwa kikohozi?"

"Niliona vibaya, bosi."

Akaenda zake. Wifi alinikumbatia nyuma ya makabati, akalia kwenye bega langu mpaka blauzi ikalowa. "Sitakusahau," alisema. Nikamwambia aache ujinga, yeye angenifanyia hivyo hivyo.

Dawa jioni tu. Asubuhi tulichelewa.

Jumatano, 3 Aprili

Dawa mara mbili. Paa la choo linavuja. Mafaili mia mbili na tatu yameingia.

Alhamisi, 11 Aprili

Leo hakuna jipya. Mvua tangu alfajiri. Niliaga kazini kwamba jino linaniuma, nikaenda kupimwa macho. Daktari amefurahi, presha imeshuka, dawa inafanya kazi. Nilivyorudi nikakuta Wifi ameniingizia mafaili arobaini ili nisionekane nimebaki nyuma. Mungu ampe maisha marefu. Dawa asubuhi, dawa jioni, Wifi alitia.

Jumanne, 16 Aprili

Dawa mara mbili. Meneja ameniletea taa ya mezani. Sijaiomba.

Jumatano, 24 Aprili

Sijui nini kimempata meneja. Siku hizi akiongea nami anapaza sauti na kutamka neno moja moja, kana kwamba mimi ni mgeni. Leo alinishika kiwiko tukishuka ngazi. Nimemwambia Wifi, akasema labda ameokoka. Nilicheka, naye akacheka, ila akawahi kunyamaza.

Wifi ameitwa ofisini kwake mara mbili wiki hii, eti kufundishwa ripoti za droo. Alipotoka sikumuuliza na yeye hakusema. Dawa mara mbili.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua kubwa, njia ya chini haipitiki. Wifi alinitia dawa haraka haraka, tone moja likaenda sikioni. Hakusema nihesabu mbao.

Jumatatu, 13 Mei

Nitaandika polepole, nisikosee.

Tulifika, Wifi akaitwa kwa meneja kabla hajavua koti. Nikafungua Kiwanja, herufi zikawa sisimizi kama kila Jumatatu. Nikangoja. Robo saa, nusu saa. Nikajiambia mtu mzima hawezi kungoja avalishwe viatu. Nikaingia mwenyewe kwenye ukurasa wangu, nikaweka uso karibu na skrini, nikateremka mpaka chini. Nikaongeza herufi. Ukurasa wote ukavimba, na palipokuwa na vimistari vya kijivu pakawa maneno.

Ni historia ya mabadiliko yangu. Upande wa Kweli mimi na Wifi hatuna ufunguo wa kuiona, au mimi ndivyo nilivyodhani. Kiwanjani tuna funguo zote. Mimi kwenye mfumo naitwa mafaili1, Wifi ni mafaili2. Nanakili kama kulivyoandikwa:

"mafaili1. Ruhusa ikome 31 Mei. Aliyependekeza: mafaili2. Alhamisi 11 Aprili, saa 5:20 asubuhi. Maelezo: Ana presha ya macho, pembeni haoni. Anaficha. Kosa la wakala Wa Chini lilitokana na hilo. Nimeona nisinyamaze."

Chini yake: "Imekubaliwa," na cheo cha meneja.

Kwanza nilidhani ni mazoezi. Ndivyo moyo unavyofanya kazi, unatafuta mlango wowote. Nikasema labda Wifi alikuwa anacheza Kiwanjani. Lakini vitu vya Kiwanjani hufutwa Ijumaa, na hili lilikuwa la mwezi uliopita. Kilichokaa wiki nne kimetoka upande wa Kweli.

Nikatoa daftari hili kwenye mkoba, nikatafuta tarehe 11 Aprili. "Leo hakuna jipya." Ni mwandiko wangu mwenyewe, umenyooka, wa mtu aliyeshiba. "Mungu ampe maisha marefu." Saa tano na dakika ishirini mimi nilikuwa kwenye benchi la daktari, kidevu nimekiweka kwenye kile chuma, naambiwa nisipepese. Na jioni ya siku hiyo hiyo aliniinamia na kichupa mkononi, akaniambia nitazame juu, nami nikatazama juu.

Nimepigwa changa la macho, nikiwa macho kabisa.

Nukta zote amezitia mahali pake. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika barua za ofisi, kwamba sentensi ikiisha uweke nukta, usitie koma tu na kuendelea. Sijui kwa nini hilo ndilo lililonitoa machozi, wala si neno "anaficha."

Nikaelewa pia kwa nini alikuwa ananiwahi kila Jumatatu na koti lake mwilini. Wiki zile za mwanzo nadhani alinifanyia kwa wema. Tangu Aprili alikuwa analinda ukurasa.

Aliporudi akaona skrini yangu ina herufi kubwa. Akauliza, "Umeziweka mwenyewe?" Nikasema ndiyo, si ngumu. Akaenda kukaa.

Jioni nilimwambia nitatia dawa mwenyewe.

Jumanne, 14 Mei

Asubuhi nilijaribu mara nne. Matone matatu shavuni, moja ndani.

Jumatano, 15 Mei

Nimeenda kwa meneja. Sikumwambia nimejuaje. Nilimuuliza tu, baada ya tarehe mosi Juni nani anabaki.

Akaanza kupanga kalamu zake. "Mama, nilitaka nikuambie mwisho wa mwezi, usiumie mapema."

"Nimeshaumia, bosi. Niambie tu."

Akasema ukweli wote, labda ulikuwa umemlemea. Tangu mwanzo alikusudia kunibakiza mimi. Hata alishaandika jina langu kwa penseli. Kisha akaja mtu wa kuaminika, mtu wa nyumbani kwangu, akasema habari ya macho. "Na lile la Wa Chini, mwenyewe ulisema uliona vibaya."

Nilikaa pale na hilo neno langu mapajani. Ningeweza kusema ni nani aliyebofya ndiyo. Historia ingenithibitishia, ni mafaili2 mchana kweupe. Nilifungua mdomo, nikamkumbuka akilia nyuma ya makabati, nikaufunga. Nimejichukia kwa hilo mpaka sasa ninavyoandika.

Nikamwambia daktari amesema dawa inafanya kazi, naweza kuleta barua. Akasema anaamini, lakini makao makuu wameshapelekewa jina moja. Akaniuliza kama ile taa ilinisaidia.

Dawa mara mbili, mwenyewe.

Jumapili, 19 Mei

Mvua ilipisha asubuhi, tukaanika nguo. Tulikuwa kila mtu upande wake wa kamba, shuka katikati, namwona miguu tu. Nikasema, "Tarehe kumi na moja Aprili, saa tano na dakika ishirini."

Miguu ikasimama.

"Wifi," akasema.

"Nimesoma. Mpaka nukta ya mwisho."

Akasogeza shuka. Hakuwa nilivyotegemea. Nilidhani atalia, na mimi nilishajiandaa kutolainika. Hakulia. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Meneja aliniita, akaniambia utabaki wewe," akasema. "Alishaamua. Nilikusifia, wifi, nilishika ahadi yetu. Nilikusifia mpaka nikaona najichimbia mwenyewe. Kesho yake nikarudi."

"Na macho yangu mkononi."

"Wewe una mume. Una nyumba, una watoto wako shuleni watakaokulea. Ukikosa kazi wewe ni mama wa nyumbani. Mimi nikikosa kazi ni nani? Mtu wa chumba cha jikoni."

"Nilikuambia lini kwamba wewe ni mtu wa chumba cha jikoni?"

"Hujaniambia. Ndiyo mbaya zaidi. Miaka mitano unanifadhili na hujanisimanga hata siku moja. Hujui inavyochosha, wifi, kushukuru kila asubuhi."

  Nilimuuliza tu kama kaka yake anajua. Akatazama nguo.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Nilimkuta ndani na mota ya mtu imefunguliwa juu ya gazeti. Nikamuuliza. Alifuta kila kidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Aliniambia mwezi uliopita," akasema. "Nilidhani mtaongea wenyewe. Yeye ni mdogo wangu, wewe ni mke wangu. Ningesimama wapi?"

"Ungeniambia tu. Sikutaka usimame."

Mvua ikarudi saa saba. Nguo zilibaki kambani. Hakuna aliyekwenda kuzianua, tulizitazama dirishani, kila mtu dirisha lake.

Jumatatu, 20 Mei

Dawa mara mbili. Herufi nimeziongeza mwenyewe.

Alhamisi, 23 Mei

Nimefanya jambo la kitoto. Nimeingia Kiwanjani nikafungua ukurasa wa mafaili2, nikamwondoa. Sababu: amefungiwa. Skrini ikaniuliza kama nina uhakika, nikabofya ndiyo kwa raha yangu yote. Jina likawa la kijivu. Nilinywa chai nikilitazama.

Jumatatu, 27 Mei

Kiwanja kimefutwa Ijumaa kama kawaida. Amerudi. Nilijua atarudi.

Mawakala wameanza kusikia. Wa Chini alipiga simu kuuliza kama ni kweli wananifuta na mimi. Nikamwambia ndiyo, ila mimi hakuna wa kunitenganisha. Hakucheka. Alisema droo ya Jumamosi atafungua kibanda saa moja baadaye, ili makao makuu wapige simu waulize kuna nini. Nikamsihi asifanye hivyo, ana watoto.

Ijumaa, 31 Mei

Mvua imekatika wiki hii. Makabati yamefungwa kwa kufuli, funguo ziko kwa meneja. Mia nne na kumi na wawili wote wameingia, faili la mwisho niliingiza mimi saa nne asubuhi. Bwana Bofya alinipa mkono, akashindwa kunitazama. Alisema orodha zangu zimetumika mpaka kwa kampuni nyingine anayoifanyia kazi. Nikamwambia awadai soda.

Kazi iliyobaki ilikuwa moja, kunifunga mimi. Meneja akasema anayebaki ndiye anayemfunga anayeondoka, kwenye upande wa Kweli, mwenyewe akiwa hapo hapo ili athibitishe. Akarudi ofisini kwake, akavuta mlango.

Wifi akakaa kwenye kiti changu. Nikasimama nyuma yake. Hakuna mstari wa njano kwenye skrini. Alifungua ukurasa wangu, akabofya Ondoa, na orodha yangu ikateremka: Amefariki. Amehama. Ameacha mwenyewe. Amefungiwa. Nyingine.

 Kisha, bila kugeuka, akauliza, "Niweke ipi, wifi?"

"Unaijua."

Akapeleka mshale kwenye "Ameacha mwenyewe."

"Sijaacha," nikasema.

Akauteremsha. Nyingine. Kisanduku kikafunguka, kitupu, kinangoja. Akaandika: Ugonjwa wa macho. Akabofya. Kikawaka chekundu. Maelezo ni mafupi.

"Ni herufi ishirini," nikamwambia. "Na hata ungefikisha, si kweli. Presha imeshuka, daktari aliniambia tarehe ile ile. Macho hayakuniondoa. Andika kilichoniondoa."

"Wifi, hiki hakifutiki."

"Najua. Nilikuwepo kilipotungwa."

Tulisikia meneja akikohoa kwake. Wifi akafuta alichoandika, neno moja moja. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kama yangu nikiona tone. Sikumhurumia, au nilimhurumia na sikutaka. Akaandika: Nilimtaja mimi.

Akabofya. Chekundu. Maelezo ni mafupi.

Nilihesabu kimoyomoyo. Kumi na nne, pamoja na nafasi. Zilibaki sita, na mimi ndiye niliyemwambia Bwana Bofya kwamba maneno mawili hayatoshi mtu kuondokea.  Mlinzi alipita koridoni akatupa salamu, hatukuitika.

Akaweka koma. Akaandika: wifi yake.

Safari hii kilikubali. Jina langu likawa la kijivu, na chini yake yale maneno, herufi kubwa vile vile nilivyozoea kuziweka, nikayasoma nikiwa nimesimama wima. Aliyekamilisha: mafaili2. Ijumaa 31 Mei, saa kumi na dakika tano.

Nilichukua mwavuli wangu. Wake nikauacha mlangoni.

Jumamosi, 1 Juni

Jua. Droo ya kwanza ya mfumo mpya imekwenda salama, nimesikia kwa jirani. Wifi amerudi mchana, akapika, akala chumbani kwake. Dawa asubuhi, dawa jioni. Leo hakuna jipya, kwa ninavyojua mimi.